Tafuta Ugomvi Kwanza: Mwongozo wa Kuusoma Waraka kwa Wagalatia

Paulo hakuandika kitabu cha mafundisho ya dini. Aliandika barua, na kila barua ilikuwa na watu wake, mahali pake na shida yake. Sisi wasomaji wa leo huchuma mstari mmoja hapa na mwingine pale, tukaubandika kwenye kalenda au kwenye kioo cha daladala, kisha tukashangaa kwa nini wahubiri wawili wanasoma sura ileile na kutoka na mafundisho yanayopingana. Wataalamu wa Agano Jipya wana zana nyingi, lakini ya kwanza kati ya hizo haihitaji shahada. Kabla ya kuuliza barua inafundisha nini, wanauliza iliandikwa kwa sababu ya ugomvi gani.

Mwongozo huu unakuonyesha njia hiyo kwa kutumia barua moja tu, Waraka kwa Wagalatia. Nimeuchagua kwa sababu ni mfupi, ni mkali, na hakuna mtaalamu wa maana anayebisha kwamba Paulo ndiye aliyeuandika. Ukiumudu huu, utaweza kuziendea nyaraka nyingine kwa hatua hizihizi. Unahitaji tafsiri mbili za Biblia (Union Version na Habari Njema zinatosha kabisa), daftari na kalamu. Kama unajua Kigiriki, heri yako. Kama hukijui, kazi haikwami.

1. Usome wote kwa kikao kimoja, tena kwa sauti

Wagalatia una sura 6 na mistari 149. Kwa mwendo wa kawaida utaumaliza kabla nusu saa haijaisha. Usisimame mwisho wa sura: mgawanyo wa sura uliingia katika Biblia katika Zama za Kati, na namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na mchapishaji Robert Estienne mwaka 1551. Paulo hakuziona.

Kusoma kwa sauti si mapambo. Waumini wengi wa wakati ule hawakujua kusoma. Mtu mmoja alisimama na kuwasomea wengine. Katika usomaji huu wa kwanza usiandike chochote. Sikiliza tu sauti inapopanda (1:8-9, 3:1, 5:12), inaposhuka ikawa ya mzazi mwenye uchungu (4:12-20), na inapotulia kabisa ikawa ya mlezi (6:1-10). Usomaji wa pili ndio wa kalamu.

2. Tazama kilichokosekana mwanzoni, kisha ruka hadi mwisho

Barua za Kigiriki za enzi hizo zilikuwa na utaratibu unaojulikana: jina la anayeandika, jina la anayeandikiwa, salamu, na mara nyingi dua au shukrani. Paulo hufuata utaratibu huo kwa namna yake. Anamshukuru Mungu kwa ajili ya Wathesalonike na kwa ajili ya Wafilipi. Hata Wakorintho, waliogawanyika makundi na kupelekana mahakamani, nao anawatolea shukrani (1 Wakorintho 1:4).

Sasa fungua Wagalatia 1:6. Mahali pa shukrani pana mshangao na lawama. Aliyesikia barua hii ikisomwa mara ya kwanza alijua, kabla hata hoja haijaanza, kwamba mambo yameharibika. Rudi pia 1:1: jina lake halijakauka wino, tayari Paulo anatetea utume wake kwamba hakuupata kwa wanadamu. Andika katika daftari: kuna aliyeutilia shaka.

Kisha ruka hadi 6:11. Hapo Paulo anasema anaandika kwa herufi kubwa, kwa mkono wake mwenyewe. Kwa kawaida aliyeshika kalamu alikuwa mwandishi aliyeandika kwa kusomewa. Katika Warumi 16:22 mwandishi huyo, Tertio, anatusalimu kwa jina lake. Mistari ya 6:11-18 ndiyo Paulo aliyoiona kuwa ya lazima aiandike mwenyewe, nayo ni muhtasari wa jambo zima: tohara, msalaba na kiumbe kipya. Ukiyajua hayo mapema, sura ya 3 na ya 4, ambazo huwachosha wengi, zitakuwa nyepesi zaidi.

3. Wasikilize wasiokuwepo

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Ndivyo ilivyowapata wapinzani wa Paulo. Hatuna barua yao hata moja; tunawajua kwa maneno ya mtu aliyewakasirikia. Hivyo wajengee picha kwa uangalifu.

Gawa ukurasa safu mbili. Safu ya kwanza iwe ya mahali ambapo Paulo anawataja waziwazi: 1:7, 4:17, 5:7-12 na 6:12-13. Safu ya pili iwe ya mambo unayoyakisia kutokana na anavyojitetea. Ukimaliza safu ya kwanza utakuwa na picha ya kutosha: walimu walifika kwa Wagalatia baada ya Paulo kuondoka, nao walihubiri habari waliyoiita Injili, maana yake walimwamini Yesu, na waliwasisitiza waumini wa Mataifa watahiriwe. Pengine walidai pia siku na majira fulani yaadhimishwe, kama 4:10 inavyodokeza.

Safu ya pili ndiyo yenye mitego. John Barclay, katika makala yake ya mwaka 1987 kuhusu jambo hilihili, alionya kwamba si kila kanusho la Paulo ni jibu la tuhuma. Mtu anaweza kukana jambo ambalo hakuna aliyemshtaki kwalo. Kwa hiyo pima: jambo limerudiwa mara ngapi? Limesemwa kwa ukali kiasi gani? Limo katika mistari iliyo wazi au katika mstari mmoja wenye giza? Tohara inapita vipimo vyote. Lakini 5:11, ambapo Paulo anauliza kwa nini anateswa ikiwa bado anahubiri tohara, ni mstari mmoja tu. Usiujengee nyumba nzima.

Hapa pana hadhari nyingine kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Katika jamii zetu nyingi tohara ni jando. Kijana anavuka kuwa mtu mzima, na asiyetahiriwa ndiye anayechekwa. Kwa Wagalatia mambo yalikuwa kinyume. Kwa Wayahudi tohara ilikuwa alama ya agano, mtoto akitahiriwa siku ya 8 (Mwanzo 17:12), na mtu mzima wa Mataifa alitahiriwa anapojiunga na Israeli. Kwa Wagiriki na Warumi wengi ilikuwa jambo la kudharauliwa, kuuharibu mwili ulio mzima. Mwanamume wa Galatia aliyekubali kisu alikuwa anabadili taifa, akikubali maumivu na dhihaka za majirani. Ukiingiza jando katika sura ya 5, hutaelewa kwa nini Paulo anaona kisu hicho ni suala la kuwa na Kristo au kumkosa.

4. Weka barua mahali pake na wakati wake, ila usigandie tarehe

Galatia ilikuwa katika nchi tunayoiita leo Uturuki. Swali la wataalamu ni Galatia ipi. Warumi walipounda jimbo la Galatia mwaka 25 KK, waliunganisha eneo la kaskazini, karibu na Ankara ya leo, walikokaa watu wenye asili ya Wakelti, pamoja na miji ya kusini. J. B. Lightfoot, katika ufafanuzi wake wa mwaka 1865, alisema barua ilikwenda kaskazini. William Ramsay, aliyezunguka sana katika nchi hiyo, alisema ilikwenda kusini, katika miji ya Antiokia ya Pisidia, Ikonio, Listra na Derbe, ambayo Matendo 13 na 14 inasema Paulo aliihubiria.

Jambo hili lina uzito kwa sababu ya tarehe. Ukishika kusini, barua inaweza kuwa ya mapema sana, karibu mwaka 48 BK. Ukishika kaskazini, inasogea hadi miaka ya katikati ya 50. Nanga yetu kuu ya tarehe za Paulo ni maandishi ya jiwe yaliyopatikana Delphi, Ugiriki, yanayomtaja liwali Galio. Kwa hayo tunajua alikuwa madarakani Korintho karibu mwaka 51 au 52, na Matendo 18:12-17 inamweka Paulo mbele yake.

Kanuni ya kazi ni hii: shahidi wa kwanza ni Paulo mwenyewe, Matendo ya Mitume ni wa pili. Orodhesha safari za Yerusalemu anazozitaja katika 1:18 (baada ya miaka 3) na 2:1 (baada ya miaka 14). Halafu orodhesha zile za Matendo 9, 11 na 15. Utaona hesabu hazilingani: Paulo anataja 2, sura hizo za Matendo zinataja 3. Wengine huoanisha Wagalatia 2 na mkutano wa Matendo 15. Wengine na safari ya msaada wa njaa ya Matendo 11. Ziandike njia zote mbili, uendelee. Usilazimishe vitabu viwili viseme neno moja kabla hujakisikia kila kimoja.

5. Simama Antiokia

Kama una muda wa kuchimba kifungu kimoja tu, chimba 2:11-21. Kefa, yaani Petro, alikuwa akila pamoja na waumini wa Mataifa kule Antiokia ya Shamu. Wakaja watu kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu. Petro akajitenga, Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba akachukuliwa na mkumbo. Paulo akamkabili mbele ya wote.

Angalia kinachofuata. Kauli ya 2:16 kwamba mtu hahesabiwi haki kwa matendo ya sheria, kauli iliyotikisa Ulaya katika karne ya 16, imetamkwa kwanza juu ya chakula. Swali lililokuwa mezani ni nani anaweza kula na nani. Katika daftari unganisha 2:12 na 2:16 kwa mstari mnene, kwa maana ukizitenganisha unabaki na fundisho lisilo na mahali pa kukaa.

Kifungu hiki kiliwasumbua hata mababa wa Kanisa. Yeronimo, akifuata wafafanuzi wa Kigiriki waliomtangulia, alidai Petro na Paulo hawakugombana kweli; walifanya igizo ili kuwafundisha watu. Agostino wa Hippo, askofu wa Afrika Kaskazini katika nchi ambayo leo ni Algeria, alimwandikia barua kumpinga: tukikubali kwamba Maandiko yana uongo mmoja wenye nia njema, alisema, tutaachiwa mstari gani wa kuuamini? Mabishano yao yalidumu miaka kadhaa, kuanzia miaka ya 390. Yana faida kwako leo. Yanakufundisha kuyatilia shaka maelezo yoyote ambayo kazi yake pekee ni kutuondolea aibu.

6. Fungua Agano la Kale kila linapoguswa

Sura ya 3 na ya 4 zimejaa Maandiko. Usipite bila kuyasoma yanakotoka: Mwanzo 15:6 kwa 3:6, Kumbukumbu la Torati 27:26 kwa 3:10, Habakuki 2:4 kwa 3:11, Mambo ya Walawi 18:5 kwa 3:12, Kumbukumbu la Torati 21:23 kwa 3:13. Mara nyingine maneno hayatalingana sawasawa. Paulo kwa kawaida anatumia tafsiri ya Kigiriki, na Agano la Kale tunalolisoma limefasiriwa zaidi kutoka Kiebrania.

Kisha jiulize kwa nini Ibrahimu. Jibu linalokubaliwa na wengi ni kwamba wapinzani ndio waliomleta. Hoja yao, kama tunavyoweza kuikisia, ilikuwa na nguvu: Mwanzo 17 inasema wazi kwamba Ibrahimu alitahiriwa na kwamba agano hilo ni la uzao wake wote. Paulo hawezi kuufuta ukurasa huo. Anachofanya ni kurudi nyuma sura mbili, hadi Mwanzo 15, ambako Ibrahimu anamwamini Mungu kabla ya kisu. Tena anaongeza hesabu: sheria ilikuja miaka 430 baada ya ahadi (3:17), na kilichokuja baadaye hakiwezi kutangua kilichotangulia. Ukiiona hoja ya wapinzani, utaona pia ustadi wa jibu.

7. Pima tafsiri kwa mistari, si kwa majina makubwa

Sasa uko tayari kwa mjadala wenyewe: "matendo ya sheria" ni nini? Zijue njia tatu.

Ya kwanza ni ya Martin Luther, ambaye ufafanuzi wake mkubwa wa Wagalatia ulichapwa mwaka 1535. Kwake, matendo ya sheria ni juhudi zozote za mwanadamu za kujipatia kibali mbele za Mungu.

Ya pili ilizaliwa baada ya E. P. Sanders kuchapisha kitabu chake cha mwaka 1977 juu ya Paulo na dini ya Kiyahudi ya Palestina. Sanders alisoma maandishi ya Wayahudi wenyewe, akaonyesha kwamba hawakuishika sheria ili wapate kuingia katika neema. Waliishika kwa sababu walikuwa wameshachaguliwa. James Dunn akajenga juu ya hapo: matendo ya sheria ni hasa tohara, miiko ya chakula na Sabato, alama zilizomtenga Myahudi na wengine. Mwaka 1994 ilichapishwa rasmi hati ya Qumrani yenye msemo unaofanana na huo, ukihusu kanuni za usafi zilizolitenga kundi fulani, na hati hiyo ikaingizwa katika mabishano.

Ya tatu ni ya Barclay, katika kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu zawadi. Anasema kiini ni kwamba Mungu alimtoa Kristo bila kutazama ustahili wa mpokeaji, uwe wa kabila, wa hadhi au wa uadilifu.

Usichague kwa kuangalia kanisa lako linampenda nani. Peleka kila njia kwenye mistari. Tukio la Antiokia na suala zima la tohara vinampa Dunn nguvu. Lakini 3:10 na 5:3 zinazungumzia kuitimiza sheria yote, na hapo wafuasi wa Luther wana la kusema. Njia ya Barclay inaeleza vizuri 6:15, ambapo Paulo anasema kutotahiriwa nako si kitu; kama shida ingekuwa alama za Kiyahudi peke yake, asingehitaji kusema hivyo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo inayobeba mistari mingi zaidi, lakini usiniamini bila kufanya zoezi mwenyewe. Andika mistari 2:16, 3:10, 3:28, 5:3, 5:6 na 6:15, na mbele ya kila mmoja weka alama ya njia inayoueleza bila kuupinda.

8. Linganisha na nyaraka nyingine, bila kuzichanganya

Barua za Paulo zilikusanywa mapema. Hati ya mafunjo inayoitwa P46, ya karibu mwaka 200 BK, ambayo kurasa zake zimehifadhiwa Dublin na katika Chuo Kikuu cha Michigan, ina Wagalatia katikati ya nyaraka nyingine. Tangu hapo tumezoea kujaza mapengo ya Wagalatia kwa maneno ya Warumi. Jizuie. Warumi iliandikwa baadaye, kwa watu ambao Paulo alikuwa hajawatembelea, na sauti yake kuhusu Israeli na sheria ni pole zaidi. Tofauti hiyo ni habari muhimu, usiifute.

Ukitaka kulinganisha, anza na nyaraka 7 ambazo karibu wataalamu wote wanakubali ni za Paulo: Warumi, 1 na 2 Wakorintho, Wagalatia, Wafilipi, 1 Wathesalonike na Filemoni. Kuhusu Waefeso, Wakolosai, 2 Wathesalonike, na zile kwa Timotheo na Tito, wataalamu wamegawanyika. Zitumie, lakini ujue kwamba wengine huziona kama sauti ya wanafunzi wa Paulo. Halafu soma Yakobo 2:14-26. Naye anamleta Ibrahimu, tena kwa Mwanzo 15:6 ileile, lakini anaiunganisha na Mwanzo 22, Isaka akiwa juu ya madhabahu. Kabla ya kuwapatanisha, uliza kila mmoja anamjibu nani.

9. Jilinde na kosa lililoleta maafa

Wagalatia umetumiwa kwa karne nyingi kuwatukana Wayahudi na dini yao. Usomaji huo unasahau kwamba Paulo ni Myahudi, kwamba Petro na Yakobo ni Wayahudi, na kwamba wapinzani wake walimwamini Yesu. Huu ni ugomvi wa ndugu walio ndani ya nyumba moja. Mfano wa Hajiri na Sara (4:21-31) na dhihaka kali ya 5:12 ni maneno ya mtu aliye katikati ya vita, akihofia kupoteza watu wake. Usiyageuze kuwa maelezo ya dini nzima, na ukifundisha, liseme hilo waziwazi.

10. Kabla hujafundisha

Andika sentensi tano, bila kutazama kitabu cha mtu mwingine: waliandikiwa akina nani, walimu walitaka nini, hoja ya walimu hao ilikuwa na nguvu gani, Paulo alijibu nini, na jibu hilo linadai waumini waishije, kwa kuzingatia 5:13 hadi 6:10. Sentensi ya tatu ndiyo kipimo cha kazi yako. Ikiwa unaweza kuitetea hoja ya wapinzani kiasi cha kumfanya msikilizaji aseme "kweli hawa walikuwa na haki yao", umeuelewa Wagalatia. Ikiwa wapinzani wako ni wajinga tu, rudi hatua ya 3.

Baada ya hapo ndipo utafute vitabu. Chukua angalau viwili visivyokubaliana, kwa mfano ufafanuzi wa Hans Dieter Betz wa mwaka 1979, unaoisoma barua kwa kanuni za ufasaha wa kale wa Kigiriki, na ule wa J. Louis Martyn wa mwaka 1997, unaokazia kwamba Mungu ameingilia kati na kuuvunja ulimwengu wa zamani. Anza kwa kutazama kila kimoja kinasemaje kuhusu 2:11-14, ukilinganisha na sentensi zako tano. Mahali watakapokupinga, waombe mstari. Wakiutoa, sahihisha daftari.